Kujitolea na Kutolewa

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, kwanza shuleni, kisha katika chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake hadi nilipostaafu. Katika maneno yote niliyoyaona yakiharibika mbele ya macho yangu, hakuna lililoharibika kama neno kujitolea. Hebu tulichambue, ndugu msomaji, kama tulivyokuwa tukiwachambulisha wanachuo ubaoni. Ndani yake mna "ji". Mtoaji na kinachotolewa ni mtu yule yule. Ana saa zake, ana nguvu zake, ana ufundi wake, na kwa hiari yake anavitoa. Mtoaji akiwa mtu mwingine, neno linakuwa jingine: kutolewa. Mbuzi wa kafara naye hutolewa, wala sijapata kusikia akisifiwa kwa moyo wake.

Siku hizi karibu kila shule ya kata ninayoifahamu ina "walimu wa kujitolea". Ni vijana wenye vyeti, stashahada na shahada, waliosomeshwa kwa ng'ombe na mashamba ya wazazi wao, ambao wanashika chaki asubuhi mpaka jioni bila mshahara. Wanafanya hivyo kwa kuwa wanasubiri ajira. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu zaidi ya 200,000 waliomba nafasi zisizofika 15,000. Katika foleni ya namna hiyo, kijana anaambiwa kwamba aliyejitolea atafikiriwa kwanza. Basi anajitolea. Mtu aliyeshikwa shingo akaambiwa acheke naye hucheka.

Najua wazee wenzangu watanijibu nini, maana nimewasikia: "Mbona sisi enzi zetu tulijitolea?" Ni kweli, tulijitolea. Kwetu Upare nilikulia katika msaragambo. Mbiu ya mgambo ikilia, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake, tukazibua mifereji na kuondoa tope katika ndiva ili maji ya usiku yajae na kugawanywa mchana. Asiyetokea alitozwa faini, kwa hiyo sitaki kudanganya kwamba ilikuwa hiari tupu. Lakini maji yalikwenda katika shamba la kila aliyechimba, na mzee aliyepiga mbiu alikuwa matopeni pamoja nasi, suruali imekunjwa magotini.

Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa kiongozi wa kikundi. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, tulikaa chini ya mwembe tukisikiliza redio moja, tukasoma kijitabu, tukajadiliana, kisha tukaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchi nzima. Hakuna aliyenilipa kwa jioni zile, wala sikudai. Lakini ngoja niseme jambo ambalo wenzangu hulisahau: mwisho wa mwezi mshahara wangu wa ualimu ulikuwa unanisubiri. Nilikuwa na chakula. Nilitoa jioni zangu. Mchana wangu ulikuwa umelipiwa.

Na tukumbuke mwaka 1966. Serikali ilipotaka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa, iliwaambia kwamba baada ya miezi ya kambini wangefanya kazi zao kwa miezi 18 wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mwezi Oktoba, na karibu 400 wakafukuzwa. Wengi tuliwaona wana kiburi, na mimi bado naona walikuwa nacho. Lakini siku ile ile Mwalimu Nyerere aliukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Linganisha basi. Vijana wale waliambiwa wazi kwamba hii ni sheria, muda wake ukatajwa, asilimia 40 ikabaki mfukoni mwao, na mkubwa aliyewaamuru akajikata kwanza. Kijana wa leo hapewi muda wala asilimia, na sijamwona mkubwa aliyejikata.

Kuna hoja ya uzoefu. Inasemwa kwamba kijana ananufaika kwa kuwa anajifunza kazi. Hoja hii naijibu kama mkufunzi. Kujifunza kazi kuna mahali pake, nako ni mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo anapelekwa shuleni kwa wiki kadhaa, mkufunzi anakaa nyuma ya darasa na daftari, anamwonyesha makosa, wanarudi chuoni. Akishafuzu tukampa cheti, tumesema mbele ya umma kwamba huyu ni mwalimu. Kumrudisha darasani miaka 3 peke yake, akiwa na vipindi 28 kwa wiki na hakuna anayemkagua, halafu kusema anajifunza, ni kukitukana cheti tulichokitia sahihi.

Yanayoniuma zaidi ni haya: nimekaa katika bodi ya shule moja ya sekondari tangu nistaafu, nami nilishiriki. Tulikuwa na binti wa Hisabati na Fizikia. Wazazi walipochanga, alipata shilingi 60,000 kwa mwezi. Wasipochanga, alipewa debe la mahindi. Alipanga chumba kimoja, na wakati wa mapumziko aliuza maandazi kwa wanafunzi wale wale aliokuwa akiwafundisha kukokotoa. Walimwita Madamu Maandazi. Katika kila kikao nilisimama nikausifu moyo wake. Nilifanya hivyo kwa dhati, na nadhani ndiyo maana nilikuwa hatari kuliko wale waliokaa kimya.

Alipoamua kuondoka kwenda mjini kutafuta kazi ya duka, tulimwandalia soda na keki. Nikahutubia tena. Baadaye alinifuata nje, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti wa kwetu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, nakushukuru kwa maneno yako. Lakini mimi sikujitolea. Mimi nilikuwa nasubiri."

Sikuwa na jibu. Mimi ninayejulikana kijiji kizima kwa kuwa na majibu.

Tangu siku hiyo nimetazama upya ni nani katika nchi hii anayejitolea kweli. Wapo wengi. Kukiwa na msiba, vijana wa bodaboda huchimba kaburi usiku na hakuna anayeuliza posho. Kina mama hupika kwa siku tatu. Jirani yangu, mkunga mstaafu, hugongewa mlango saa nane za usiku na huamka. Fundi cherehani wa pale sokoni hushona bure sare zilizochanika shule zinapofunguliwa, naye hana pensheni. Hawa wote kazi yao inawaingizia riziki, au wamekwisha kuifanya maisha yao yote, na juu ya hiyo wanaongeza.

Wasiojitolea ni akina nani? Niliwahi kualikwa katika semina ya siku mbili kuhusu moyo wa kujitolea. Watoa mada wote walikuwa na mishahara. Jioni ya siku ya pili kulikuwa na msongamano mkubwa mezani kwa mhasibu, pa kutia sahihi ya posho, kuliko niliouona ukumbini. Nilitia sahihi mimi pia. Bahasha ile ilizidi malipo ya mwezi mzima ya binti yule.

Kisha tupo sisi wastaafu, tunaocheza bao tangu saa nne asubuhi tukilalamika kwamba vijana hawana uzalendo. Sisi ndio wenye saa, na pensheni, hata kama ni ndogo na huchelewa. Kama kuna watu wa kuambiwa wajitolee, ni sisi. Sisemi tushike vipindi vyao. Hapo tungekuwa tumewanyang'anya hata hicho wanachokisubiri. Lakini kuna wazazi wasiojua kusoma ripoti za watoto wao, kuna maktaba zilizofungwa kwa kufuli, kuna watoto wa darasa la tatu wanaohitaji mtu wa kuwasikiliza tu wakisoma. Mimi huenda kila Jumanne na Alhamisi. Wenzangu wawili walianza nami. Mmoja amerudi kwenye bao.

Binti aliandika akaomba barua ya utambulisho. Rasimu iliyoletwa kwangu nitie sahihi ilisema kwamba "alijitolea kwa moyo". Niliifuta. Nikaandika kwamba amefanya kazi ya ualimu katika shule hii kwa miaka 3 na miezi 4, vipindi 28 kwa wiki, na kwamba hakulipwa mshahara. Mjumbe mmoja wa bodi alisema barua ya namna hiyo itatuletea matatizo, na akanisihi nilirudishe neno la zamani. Niligonga mhuri, nikaituma kwa basi la asubuhi.