Raketi Haipigi kwa Rangi Yake

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanafunzi akiingia dukani na akiba yake kununua raketi ya badminton, macho hukimbilia rangi: nyekundu inayong'aa, nyeusi iliyofifia, herufi za dhahabu ubavuni. Maoni yangu ni kwamba tunalipia kivumishi na kusahau kitenzi.

Zamani fremu ilikuwa ya mbao. Ilikuwa nzito, na kwa kuwa unyevu uliipinda, wachezaji waliibana kwenye kibanio baada ya mchezo. Zikafuata za chuma na alumini, kisha za nyuzinyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Raketi nyingi za kaboni leo zina gramu 80 hadi 90 hivi. Sheria za mchezo zinaweka kikomo cha fremu, milimita 680 kwa urefu na 230 kwa upana, lakini hazilazimishi malighafi yoyote. Tofauti kubwa basi imo katika kile ambacho rangi hukifunika.

Sisemi rangi haina kazi. Huikinga fremu na mikwaruzo midogo, na ile isiyong'aa hairudishi mwanga wa taa machoni. Lakini nayo ina uzito. Gramu moja au mbili zikiongezwa kichwani huhisiwa kuliko zikiwa kwenye mpini, kwa sababu ziko mbali na kiganja. Anayeipaka raketi yake rangi upya kwa ajili ya urembo huenda akabadilisha pia jinsi inavyozunguka mkononi. Tena, rangi iliyobanduka si ufa. Ya kwanza huudhi macho tu. Ufa, nyuzi zikiwa zimevutwa kwa nguvu ya kilo 10 hivi, unaweza kuvunja fremu nzima.

Zaidi ya fremu kuna ufito, ule unaounganisha kichwa na mpini. Ufito laini hunyumbuka na kurudi, ukimsaidia mwenye mkono wa polepole. Ufito mgumu humfaa mwenye pigo la haraka, anayetaka kukilenga kinyoya kwa usahihi. Neno hili si geni kwetu, tunaojifunza mnyumbuliko wa vitenzi: piga huzaa pigana na pigisha, na mzizi hubaki palepale. Kaboni nzuri nayo hupinda ikarudia umbo lake. Alumini ikipinda sana, haijirudi.

Kuna wanaodai kwamba mambo haya yanasemeka kwa Kifaransa au Kiingereza tu. Sikubaliani nao. Mnunuzi anaweza kuuliza kwa Kiswahili safi: Fremu ni ya nini? Ufito unanyumbuka au ni mgumu? Ina gramu ngapi? Kisha aangalie mahali ufito unapoingia kichwani. Akiona kiungo cha chuma chenye umbo la herufi T, mara nyingi hiyo si kaboni nzima, hata kama maandishi ya dhahabu yanasema vingine. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo anauza rangi.

Kitivo chetu kinatunga istilahi za sheria na za tiba, na ni vyema. Kisione haya kutunga za uwanjani pia. Asiye na neno la kuulizia hana njia ya kukataa anachouziwa.