Kikanyagio Kilegevu

Umebadili mafuta ya freni, na sasa kikanyagio kinabonyea kama sifongo. Usitoke barabarani! Mara nyingi sababu ni hewa iliyobaki ndani ya mirija. Mafuta hayakubali kubanwa, bali hewa hubanwa, na nguvu ya mguu haifiki magurudumuni.

Kanyaga upesi mara kadhaa: kikipanda na kuwa kigumu, yaelekea ni hewa. Itoe tena kwa kila gurudumu, ukiongeza mafuta mapya kabla chombo hakijakauka. Lakini ukikanyaga bila kuachia, nacho kikashuka polepole, basi mafuta yanavuja, au pampu kuu imechakaa ndani.

Abiria wakinung’unika, wacha wangoje. Kuchelewa si kufa.