Mbwa Agongaye Kengele

Mbwa aliyefundishwa kugonga kengele ya mlangoni kila atakapo kwenda haja huhesabiwa na wengi kuwa mfano wa kanuni ya Pavlov. Sivyo. Mbwa wa Mrusi yule walidondokwa na mate bila hiari. Huyu hutenda, na tendo lake humfungulia mlango. Hapa anayestahili kutajwa ni Mmarekani Edward Thorndike, aliyechapisha mwaka 1898 majaribio yake juu ya paka waliojifunza kujifungulia vizimba: tendo lenye matokeo mema hurudiwa. Basi kengele ikilia, mlango sharti ufunguliwe papo hapo. Kumchapa kwa mkojo wa saa nzima iliyopita ni ukatili usiofunza kitu, ila kumwogopa bwana wake na kukojoa uvunguni.