MGONJWA WA KUSAHAU AAMBIWE UKWELI

Daktari anapogundua kwamba mzee ana ugonjwa wa Alzheimer, mara nyingi watoto huitwa pembeni na kupewa habari hiyo, naye mwenye ugonjwa hubaki nje kwenye benchi bila kujua lolote. Wakifika nyumbani humwambia, "Ni uzee tu." Kwa maoni yangu desturi hiyo ya kuficha, ingawa hutokana na upendo, humdhulumu mgonjwa.

Kwanza yafaa tuuelewe ugonjwa wenyewe. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Si wazimu wala uchawi, na si kila mzee huupata. Seli za ubongo hufa kidogo kidogo. Mgonjwa husahau mambo ya jana huku akikumbuka vizuri ya ujana wake. Hurudia swali lile lile, hupotea katika njia aliyoizoea, na baadaye hushindwa hata kuvaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Zilizopo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda tu. Hata hivyo mzee apimwe vizuri kwanza, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, huzuni nzito, hata baadhi ya dawa, huweza kuleta usahaulifu unaotibika.

Sasa kwa nini aambiwe? Kwa sababu ugonjwa huu huja polepole. Mwanzoni mgonjwa bado anaweza kuamua: shamba ligawanywe vipi, anamdai nani, fedha zishikwe na nani, nani amtunze. Akichelewa, ndugu watagombana, kila mmoja akidai, "Baba alisema." Isitoshe, yeye mwenyewe huona kwamba mambo yanamwendea kombo. Asipoelezwa, hudhani amerogwa, au huwatuhumu wakwe zake kwamba wanamwibia.

Mwaka 1994 Ronald Reagan, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani, aliwaandikia wananchi wake barua kwa mkono wake mwenyewe kuwaarifu kwamba ana ugonjwa huu. Alikuwa na umri wa miaka 83, akafariki mwaka 2004. Aliweza kuwaambia kwa sababu naye aliambiwa.

Wapo watakaosema kwamba habari hiyo itamvunja moyo mzee. Ni kweli itamuuma. Kwa hiyo asiambiwe kwa ghafla wala mbele ya umati. Aelezwe na daktari, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mtu anayemwamini, na aulizwe anapenda kujua kiasi gani. Asiyetaka asilazimishwe.

Familia nayo iambiane ukweli. Kwa kawaida mzigo huu humwangukia binti mmoja au mkamwana, huku wengine wakituma salamu. Kikao cha ukoo kigawe kazi: nani alale na mzee, nani alete fedha, nani ampumzishe mlezi kila juma. Mgonjwa akikosea msibishane naye, mwelekezeni taratibu. Ratiba yake isibadilishwe ovyo, visu na mafuta ya taa viwekwe mbali, na majirani waelezwe ili wakimwona njiani wamrudishe.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mzee aliyeanza kusahau, mpelekeni hospitali, kisha keti naye umsikilize angali anaweza kusema analolitaka.