HARUSI YA WAKUBWA WA GEMU: SISI TUMEALIKWA NA NANI?

Ndugu msomaji, kuna ugonjwa umeingia kijiweni kwetu hapa Tunduma, nao ni ugonjwa wa kuozesha makampuni. Ukipita jioni kwenye banda la gemu kule Sogea utawakuta vijana wamejibana kwenye benchi wakisubiri zamu, na ubishi wao siku hizi si Simba na Yanga tu. Mmoja anaapa kwamba Sony ataungana na Apple. Mwenzake anambishia, eti Microsoft atawanunua wote, Sony na Nintendo, na mambo yataishia hapo. Wa tatu, ambaye hata pedi yake mwenyewe hana, anawaambia wote ni washamba, Google ndiye atakayekuja kufunga kazi. Wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, utadhani wao ndio washenga waliotumwa kupeleka barua ya posa!

Na mimi nimekaa kwenye benchi hilo. Nimebishana, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine. Leo nasema basi. Simkatazi mtu kubashiri, maana sisi tunaoandika hadithi kubashiri ndiyo kazi yetu. Ninachokipinga ni kuhangaikia harusi ya jirani wakati shamba letu linaliwa na ngedere. Huyo wa Google nilimjibu palepale: Google alishajaribu. Mwezi Novemba 2019 alileta Stadia, gemu za kuchezwa moja kwa moja kwenye intaneti, na Januari 2023 akaifunga. Kijana akanyamaza. Lakini kumnyamazisha mtu siyo kumfundisha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tuanze na harusi iliyovunjika, kwa sababu iliyovunjika ndiyo inayofundisha. Mwaka 1988 Nintendo na Sony, makampuni mawili ya Japani, walianza kushirikiana. Nintendo alikuwa mfalme wa gemu, na Sony alikuwa fundi wa redio, televisheni na diski. Mpango ulikuwa kuipa mashine ya Nintendo uwezo wa kusoma diski za CD. Juni 1991, kwenye maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Sony akasimama mbele ya watu akautangazia ulimwengu uchumba huo, na mashine ikapewa jina la Play Station. Kesho yake, kwenye maonyesho hayohayo, Nintendo akasimama naye akatangaza kwamba anashirikiana na Philips wa Uholanzi! Fikiria bwana harusi amekwisha kodi ukumbi, kisha bibi harusi anatangaza ndoa na mwanamume mwingine katika ukumbi uleule.

Sony alibaki na aibu, lakini hakubaki na mikono mitupu. Mhandisi wake, Ken Kutaragi, aling'ang'ania wazo lile mpaka wakubwa wake wakakubali kampuni itengeneze mashine yake yenyewe. Tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ikaingia sokoni Japani. Mwaka 2000 ikafuata PlayStation 2, ambayo hadi inaachwa kutengenezwa ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 150. Hiyo ndiyo mashine iliyotulea wengi wetu, ile nyeusi iliyofika Tunduma imekwishachakaa, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Sasa niulizeni: kwa nini Nintendo alikimbia? Vijana wengi wanadhani waligombania mashine. La hasha! Waligombania karatasi. Mkataba waliokuwa wameuandika ulimpa Sony mamlaka juu ya michezo itakayotoka kwa diski, yaani leseni na fedha zake. Mkuu wa Nintendo, Hiroshi Yamauchi, alipoona maana ya maneno yale, alichagua kuonekana kigeugeu mbele ya dunia kuliko kukabidhi haki ya kazi za nyumba yake. Shikeni jambo hili, maana nitalirudia: mashine ni sanduku tu. Mali ni kile kilichomo ndani, na mwenye mali ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye haki.

Tangu hapo wakubwa wameposana na kuachana kila msimu. Sega alitoa Dreamcast mwaka 1998, na Microsoft akampatia programu ya Windows CE ya kutumika humo. Januari 2001 Sega akatangaza kuacha kutengeneza mashine, na mwaka huohuo Novemba Microsoft akaleta Xbox yake. Mei 2019 Sony na Microsoft, mahasimu wa kila siku, walitia saini makubaliano ya kutafuta namna ya kushirikiana, gemu za Sony ziweze kutumia kompyuta kubwa za Microsoft. Oktoba 2023 Microsoft huyohuyo akakamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69. Wakubwa hawana adui wa kudumu, ndugu yangu. Wana hesabu. Ukikesha kubashiri nani atamwoa nani, unabashiri hesabu ambayo daftari lake hujawahi kulishika.

Je, sisi tuko wapi katika hesabu hiyo? Tusimame hapa mpakani tuangalie. Malori yanayopanga foleni kutoka kwetu kuelekea Nakonde yamebeba mafuta, magari na bidhaa za kila aina zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam. Yanayorudi kutoka Zambia na Kongo yamebeba shaba. Shaba ile inakwenda kuwa nyaya za dunia, na mojawapo ya nyaya hizo inarudi ndani ya sanduku jeusi lenye jina la Kijapani, limetumika Ulaya miaka kumi, tunaliita jipya. Mzigo unapita mlangoni kwetu unakwenda, unapita tena unarudi, na kila ukipita bei imepanda. Sisi tunabaki kuuza mahindi ya kuchoma kwa madereva na kubadilisha kwacha. Sidharau kazi hiyo, nimekula kwayo. Lakini kama tunazungumzia ushirikiano, basi tuseme ukweli kwamba sisi ni barabara. Na barabara haialikwi harusini, hukanyagwa na wanaokwenda.

Wala msiseme nachochea tu. Mei 2024 Sony alitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation. Kumbe kuna nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haitolewi rasmi, karibu Afrika yote ikiwa humo, na Tanzania ikiwemo. Gemu likaondolewa sokoni katika nchi hizo. Wachezaji wa dunia wakapiga kelele, na baada ya siku chache Sony akalifuta sharti lile. Lakini funzo lilibaki. Mtoto wa Tunduma anayetaka akaunti analazimika kudanganya kwamba anaishi Marekani au Uingereza. Kwetu tunazaliwa, tunakua, tunazeeka, lakini kwenye mashine hatupo!

Nimefika mahali ambapo wazee watanikatiza. Watasema, "Si tulisema? Gemu zinaharibu watoto, zimeua usomaji, wafunge mabanda hayo." Shikamooni wazee wangu, lakini hapo sikubaliani nanyi. Njooni siku moja mkae kwenye benchi mtazame kinachotokea. Gemu la San Andreas linapoanza hadithi yake, wahusika wanazungumza Kiingereza cha mitaani cha Marekani, na hapa bandani hakuna anayeelewa nusu yake. Je, vijana wanafanya nini? Wengine wanabonyeza kitufe hadithi ipite upesi waendelee kupiga risasi. Lakini kuna dogo mmoja, hajamaliza hata kidato cha pili, yeye hutafsiri. Hatafsiri kile kinachosemwa, maana hata yeye hakijui. Anatunga! "CJ amerudi kijijini kwenye msiba wa mama yake, sasa kaka yake anamuuliza mbona hukutuma hata hela ya sanda." Benchi zima linanyamaza kumsikiliza. Anachanganya Kiswahili na Kinyamwanga, na siku akiwa hayupo vijana wanaulizana yuko wapi.

Sasa niambieni, hapo usomaji umekufa au mwandishi amezaliwa? Njaa ya hadithi ipo palepale ilipokuwa enzi za bibi na moto wa jikoni. Kilichokosekana ni hadithi yenyewe, iliyoandikwa na mtu anayeijua sanda, anayeijua foleni ya malori, anayejua utingo anavyolala chini ya lori usiku wa baridi. Na huyo mtu ni wewe unayesoma jarida hili, unayeficha daftari lako chini ya godoro.

Wenzetu hawakungoja kualikwa. Mwaka 2016 vijana wa Kiro'o Games wa Kameruni walitoa gemu la Aurion, lenye mfalme wa Kiafrika na ngano za Kiafrika. Mwaka 2018 Nyamakop wa Afrika Kusini waliingiza Semblance kwenye mashine ya Nintendo Switch. Januari 2024 Sony, kwa mfuko wake wa uwekezaji wa Afrika, aliweka fedha katika Carry1st, kampuni ya gemu ya Afrika Kusini. Mei mwaka huohuo Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, pamoja na kituo cha data cha kuendeshwa kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria. Kwa hiyo wale wakubwa mnaowaozesha kijiweni wamekwishaanza kubisha hodi Afrika. Swali la maana ni hili: wakiingia, watatukuta tumeshika nini mkononi?

Msiniambie Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa kosa. Ilihitaji watu wachache wakae chini watafute maneno ya "faili" na "hifadhi", basi. Kama kompyuta ya ofisi ilikubali Kiswahili miaka ile, kwa nini jambazi wa kwenye gemu ashindwe kukimbia polisi kwa Kiswahili? Elvis Musiba alimtuma mpelelezi wake Willy Gamba kupambana na majahili nchi za watu, na Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango akili ya kuwashinda wenye bunduki, yote kwa Kiswahili kilichowafanya watu wasilale. Magemu yale yalikuwepo, ila yalichezwa kwa kufunua kurasa!

Lakini, ndugu waandishi chipukizi, hapa nawageukia nyinyi kwa ukali, maana ukali wote nisiutupie Japani. Sisi wenyewe tunauza rahisi. Nitoe mfano wangu, kwa aibu. Miaka mitatu iliyopita mtu mmoja, sitamtaja, alinipa sh. 30,000 kwa hadithi ya dereva wa lori niliyoiandika miezi minne. Nikasaini karatasi ya ukurasa mmoja bila kuisoma mara ya pili, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imefika. Baadaye nikaisikia hadithi yangu ikiigizwa, jina langu halimo. Nilipokwenda kudai nilioneshwa saini yangu mwenyewe: nimeuza "haki zote, kwa njia zote, daima." Nani wa kulaumiwa? Alinipunja, sawa. Lakini Yamauchi alisoma mkataba wake, mimi sikuusoma wangu. Yeye alikuwa na mabilioni na bado aliogopa karatasi. Mimi nilikuwa na daftari moja na sikuogopa kitu. Huo siyo ujasiri, huo ni ujinga.

Kwa hiyo nasema hivi. Kwanza, tusome karatasi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoitunga. Usimpe mtu "haki zote" kwa bei ya magunia mawili ya mkaa. Mpe ya kitabu, ubaki na ya redio. Mpe ya redio, ubaki na ya gemu, hata kama leo gemu lenyewe ni ndoto. Ndoto za leo ndizo zitakazogombaniwa kesho, kama diski zilivyogombaniwa Chicago.

Pili, tutafutane. Mbeya na Dar es Salaam kuna vijana wanaojua kuandika programu, hawajui kuandika hadithi. Sisi tunajua hadithi, hatujui programu. Huo ndio ushirikiano wa kubashiri! Badala ya kuulizana Sony atamwoa nani, tuulizane nani hapa ana kompyuta na nani ana kisa. Tuanze na kitu kidogo kinachocheza kwenye simu ya bei nafuu: dereva, mzigo, mpaka, usiku mmoja.

Tatu, yule dogo mtafsiri wa bandani apewe daftari. Mimi nimekwishampa langu moja, na wiki iliyopita alinirudishia kurasa sita. Tahajia yake ni balaa, lakini sikuweza kuziweka chini mpaka nilipofika mwisho.

Wakubwa wataendelea kuposana, na siku moja mmoja wao ataufikia mpaka huu akitafuta hadithi, kama walivyoufikia wakitafuta shaba. Akifika, asiikute imekwisha chimbwa na kupakiwa. Aikute ina mwenyewe, na mwenyewe awe amesoma karatasi.

Naomba kutoa hoja.