Kanzu Isiyo na Mikono

Kauli ya Juma, na Salim Mwinyihaji

Kila unapokaribia mwezi wa Novemba, na watahiniwa wa kidato cha nne wakawa wanahesabu siku badala ya majuma, malalamiko yaleyale hunifikia kutoka sehemu za bara za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe: mzazi hunieleza kwamba mwanawe ana akili, tena nzuri, lakini akikalia kitabu husema atasoma baada ya kula, akisha kula husema baada ya isha, na baada ya isha usingizi huwa umekwisha mchukua, na kijana mwenyewe, nikipata kuzungumza naye kwa upole, hukiri kwamba elimu anaitaka kwa moyo wake wote, na kwamba hajui ni kitu gani kinachomshika mkono. Mzazi hukata hukumu kwa neno moja, kwamba mtoto ni mvivu. Hukumu hiyo siikubali, na leo napenda kueleza kwa nini.

Yuko fundi cherehani mmoja huko Magongo ambaye hufungua kibaraza chake mara baada ya alfajiri na kukifunga usiku, na sijapata kumwona amekaa bure. Nilikuwa kwake katika siku za mwisho za Ramadhani, akaingia mama mmoja akauliza, "Fundi, ile kanzu ya mwanangu iko wapi?" Akajibiwa, "Njoo Alhamisi, mama, inshaallah." Mama yule akasema, "Baba, na Alhamisi iliyopita uliniambia vivyo hivyo." Kanzu ilikuwapo, imetundikwa kwenye msumari juu ya kichwa cha fundi, kiwiliwili kimekwisha shonwa, mikono haijatiwa, na darizi ya shingoni imeanzwa upande mmoja kwa kiasi cha upana wa vidole viwili kisha ikaachwa. Chini yake palikuwa na rundo la sare za shule za kupinda na suruali za kupunguza urefu, kazi nyepesi nyepesi, na hizo fundi alikuwa akizimaliza moja baada ya moja, kwa hima, jasho likimtiririka. Mama alipokwisha kwenda zake, fundi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nakshi aliyoletewa hajapata kuishona maishani mwake, na kitambaa ni ghali, naye anaogopa kukiharibu.

Mtu huyu huwezi kumwita mvivu ila kwa kumdhulumu. Alikuwa akifanya kazi kutwa kucha, na kazi yote ile ilikuwa njia yake ya kuikimbia kazi moja. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha jambo aghalabu huwa anatafuta nafuu ya moyo kwa saa ile aliyo nayo: jambo lenyewe lina karaha, au lina hofu, au lina tashwishi ndani yake, naye akiliweka kando hupata raha papo hapo, na deni la raha hiyo huachiwa mtu wa kesho, ambaye ni yeye mwenyewe. Nikiwakumbuka vijana niliowasikia wakilalamika, naona kwamba hesabu, kemia na insha ndizo darizi zao za shingoni. Mtoto hukimbilia kupiga mistari daftari lake kwa kalamu za rangi, au kunakili upya maandishi aliyokwisha yaandika, na mzazi akipita humwona ameinama juu ya meza akadhani anasoma.

Nao ugumu wa mahali tunapokaa sisi wa bara usipuuzwe. Kivuko cha Likoni kimekuwa kikivusha watu tangu mwaka 1937, na safari ya majini ni ya dakika chache tu, lakini kungoja ni jambo jingine, na mwanafunzi anayesoma kisiwani akaishi Mtongwe au Shika Adabu hurejea nyumbani amesimama juani, amebanwa kati ya mikokoteni na mabegi, na nguvu zake nyingi zimebaki njiani. Anayekaa Mishomoroni naye ana foleni yake ya Daraja la Nyali. Afikapo nyumbani, chumba ni kimoja, wadogo zake wanacheza, runinga inasema, na simu iliyo mfukoni inalia kila baada ya muda mfupi. Katika hali hiyo, kumwambia kijana ajitahidi bila kumwonyesha aanzie wapi ni kumwongezea mzigo mwingine juu ya ule uliomlemea.

Walakini dawa tunayo, na tunayo siku nyingi, na inanishangaza kwamba hatuitumii nje ya mlango wa chuo cha Kurani. Mtazameni mtoto wa Kisauni anayehifadhi Kurani. Mwalimu hamwambii ahifadhi juzuu thelathini. Humpa sehemu yake ya siku ile, aya zinazojulikana zimeanza wapi na zinakoma wapi, na saa inayojulikana, aghalabu baada ya alfajiri, na mahali panapojulikana, juu ya mkeka uleule, kisha kesho yake humkalisha mbele yake amsomee. Mtoto hana nafasi ya kujiuliza kama leo ana hamu au hana, kwa maana jambo hilo halikuachiwa hamu yake. Na mara nyingi mtoto huyu aliyekwisha hifadhi juzuu kadhaa ndiye yuleyule ambaye shuleni anaitwa mvivu wa hesabu. Moyo wake ni mmoja, na kichwa chake ni kimoja; kilichotofautiana ni utaratibu aliowekewa.

Mtaalamu wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 jambo lililo karibu mno na desturi hiyo: kwamba anayeazimia kufanya jambo, kisha akalifunga azimio lake kwa saa, mahali na namna, hulitimiza zaidi kuliko anayeazimia tu. Anayesema atasoma kemia leo hajasema kitu. Anayesema kwamba akisha kuswali magharibi atakaa pale dirishani na kuyajibu maswali matatu ya mwanzo ya ukurasa fulani, huyo amekwisha ianza kazi kabla hajakaa. Na hiyo inshaallah tunayoitamka, ambayo ni adabu yetu kwa Mola wetu na haifai kuachwa, iwekwe juu ya ahadi yenye saa, isitiwe mahali pa saa.

Wako watu wa pwani hii waliotuachia ushahidi wa haya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alikuwa mwalimu mwenye shughuli nyingi papa hapa Mombasa alipoanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na mwenye gazeti la kila juma hana ruhusa ya kungoja moyo wake upende. Marehemu Shaaban Robert naye alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 akaudumu hata mwaka 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali, na katika miaka hiyo ya mihuri na majalada alitunga kazi nyingi zilizompa jina, pamoja na utenzi wa vita kuu ya pili wenye beti zipatazo 3,000. Mtu hatungi beti elfu tatu kwa siku moja ya shauku. Huzitunga kwa jioni nyingi za karani aliyechoka.

Basi kwa wazazi wenzangu nina ombi. Mtoto akisha kukaa kwa saa mliyopatana, asitumwe dukani, wala asiitwe kupokea mgeni. Simu yake, na ya baba pia, ikae mikononi mwa mama mpaka saa itimie. Na saa yenyewe iwe moja ya kweli, maana moja iliyohifadhiwa inafaa kuliko tano za kukatizwa. Kazi inayoogopwa itangulie, ikatwe vipande hata kipande cha kwanza kiwe kidogo cha kutotisha. Na asipoitimiza, aulizwe ni mahali gani palipomshinda, kama mwalimu wa chuo anavyomrejesha mwanafunzi kwenye aya aliyokwama, bila matusi.

Na kwa kamati za misikiti, makanisa na shule zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe, nasema kwamba wako watoto wengi ambao nyumbani hawana pembe ya kukaa wala taa ya kutosha, hali madarasa yamefungwa kwa kufuli tangu alasiri. Darasa moja likifunguliwa tangu magharibi hata saa tatu ya usiku, akawepo mtu mzima mmoja mlangoni, na kikapu cha kuwekea simu, gharama yake ni umeme na uangalizi. Mtihani umekaribia, juma hili lingetosha kulianza jambo hilo.