Mzee anayehema apimwe moyo mapema

Huko Butembo na Beni, mzee akihema kwa kupanda kilima kidogo, jamaa husema: ni uzee tu. Pengine ni vali ya aota, mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini, ambayo hukakamaa na kubana kadiri umri unavyosonga. Hakuna dawa ya kuifungua, hubadilishwa.

Familia inaweza kuuza parsele ili kuvuka Kasindi hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala. Lakini kabla ya pesa kuna swali: moyo wenyewe bado una nguvu gani?

Ekografia ya moyo hujibu. Chumba cha kushoto kikisukuma chini ya asilimia 50 ya damu yake kwa kila pigo, na vali imebana sana, miongozo ya madaktari hutaka ibadilishwe hata kama mgonjwa hajisikii vibaya. Namba hiyo peke yake haitoshi: kwa wazee, msuli unaweza kuwa umeshakuwa mnene na mgumu huku namba ingali nzuri.

Kwa hiyo viongozi wa afya wa Kivu Kaskazini waweke mashine na watu waliofunzwa karibu na wakaaji. Kumpima mzee akiwa amechelewa kunaweza kuwa kumsafirisha bure.